Dhuluma Isiyo na Mdhalimu

Miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa ya haki ni lile linalouliza kama dhuluma inaweza kuwapo pasipo mtu aliyekusudia kudhulumu. Wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi, na aghalabu mjadala wao hubaki vitabuni bila kumgusa mtu. Lakini mwaka 1987 swali hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani likiwa limebeba uhai wa mshtakiwa mmoja, na majaji wakalazimika kulijibu. Kwa kura tano dhidi ya nne waliamua kwamba mtu mweusi aliyehukumiwa kifo hawezi kuokolewa na ushahidi unaoonyesha kuwa mfumo mzima uliomhukumu hupima watu kwa rangi, maadamu hakuweza kuthibitisha kwamba katika kesi yake mwenyewe kulikuwa na ofisa au mwamuzi fulani aliyekusudia kumbagua. Kwa uamuzi huo dhuluma ilitafutwa ndani ya moyo wa aliyetenda, na aliyetendewa akaachwa nje ya hesabu.

Kesi yenyewe ilitokea katika jimbo la Georgia. Mwezi Mei 1978 wanaume wanne weusi walivamia duka la samani mjini Atlanta, na askari polisi mmoja mweupe aliyefika kuitikia king'ora alipigwa risasi akafa. Warren McCleskey, mmoja wa wanne hao, alitiwa hatiani kuwa ndiye aliyefyatua risasi, na juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua hatia na mara nyingine adhabu, likamhukumu kufa. Katika jopo hilo la watu kumi na wawili, kumi na mmoja walikuwa weupe na mmoja alikuwa mweusi. Mawakili waliokata rufaa kwa niaba yake waliwaletea majaji kitu ambacho mahakama hazikuwa zimezoea kukipokea: utafiti wa takwimu ulioongozwa na profesa wa sheria David Baldus pamoja na wenzake wawili, uliochambua zaidi ya kesi 2,000 za mauaji zilizoamuliwa Georgia katika miaka ya 1970.

Matokeo ya utafiti huo yanastahili kusomwa polepole. Pale ambapo aliyeuawa alikuwa mweupe, asilimia 11 ya washtakiwa walihukumiwa kifo. Pale ambapo aliyeuawa alikuwa mweusi, ni asilimia moja tu. Mtu mweusi aliyemuua mweupe alihukumiwa kifo katika asilimia 22 ya kesi, mweupe aliyemuua mweupe katika asilimia 8, mweupe aliyemuua mweusi katika asilimia 3, na mweusi aliyemuua mweusi katika asilimia moja. Ili kuondoa shaka kwamba tofauti hizo huenda zilitokana na ukatili wa makosa yenyewe, rekodi za washtakiwa au mazingira ya mauaji, watafiti walizingatia sababu 230 zisizohusiana na rangi, wakalinganisha kesi zilizofanana kwa uzito. Hata baada ya kuzingatia sababu 39 kati ya hizo, aliyeshtakiwa kumuua mtu mweupe alikuwa na uwezekano mara 4.3 zaidi wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyeshtakiwa kumuua mtu mweusi. Katika Kaunti ya Fulton, iliyomhukumu McCleskey, watu 17 walishtakiwa kwa kuua polisi kati ya 1973 na 1979, na McCleskey peke yake ndiye aliyehukumiwa kifo. Mwingine mmoja tu kesi yake ilifika hatua ya kuamuliwa kati ya kifo na kifungo, naye akapewa kifungo cha maisha. Polisi aliyeuawa na mtu huyo alikuwa mweusi.

Katika takwimu hizo, rangi iliyoamua zaidi ilikuwa ya marehemu, na jambo hilo huwapita wengi wanaoizungumzia kesi hii kana kwamba ni ya washtakiwa peke yao. Adhabu, pamoja na kumuumiza mkosaji, hutamka kitu mbele ya umma: kila hukumu hutangaza jinsi jamii inavyouthamini uhai uliopotea. Kwa hiyo dola inayomuadhibu vikali muuaji wa mtu mweupe na kumwachia nafuu muuaji wa mtu mweusi huwadhulumu watu wa aina mbili kwa mpigo mmoja. Inamdhulumu mshtakiwa anayebebeshwa uzito ambao wenzake hawakubebeshwa, na inaidhulumu familia ya mtu mweusi aliyeuawa, ambayo huambiwa, bila neno lolote kutamkwa waziwazi, kwamba damu ya mtu wao ni nyepesi. Familia hiyo haikuwa na wakili katika kesi ya 1987, wala sheria haikuipa njia ya kuwa naye.

Mgawanyo huo haukuzuka katika miaka ya 1970. Sheria ya jinai ya Georgia ya mwaka 1861 iliuandika kwa wino: mtu mweusi aliyembaka mwanamke huru mweupe alipaswa kuuawa, mtu mwingine yeyote aliyetenda kosa hilohilo dhidi ya mwanamke mweupe alifungwa miaka 2 hadi 20, na aliyembaka mwanamke mweusi alitozwa faini na kufungwa kwa kadiri mahakama ilivyoona inafaa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa 1868, yalimhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria, na maneno ya rangi yakafutwa katika vifungu hivyo vya adhabu. Hata hivyo, kilichoondoka katika maandishi kilipata makao katika kile ambacho wanasheria hukiita mamlaka ya hiari, yaani uhuru wa ofisa kuamua nani ashtakiwe, kwa kosa lipi, na kuombewa adhabu gani. Mwendesha mashtaka wa Fulton alieleza kwamba ofisi yake haikuwa na mwongozo wowote wa maandishi wa kuamua ni kesi zipi zidaiwe kifo, na pasipo mwongozo wa maandishi, mazoea ndiyo huongoza.

Jaji Lewis Powell, aliyeandika uamuzi wa wengi, hakuukataa utafiti wa Baldus. Alikubali, kwa ajili ya hoja, kwamba hesabu zake ni sahihi. Alisema tu kwamba hazitoshi. Kwanza, McCleskey alitakiwa kuthibitisha nia ya ubaguzi kwa waliomhukumu yeye, kanuni ambayo mahakama hiyo ilikwisha kuiweka mwaka 1976 katika kesi ya Washington dhidi ya Davis. Pili, hiari ya waendesha mashtaka na ya juri ni nguzo ya mfumo wao, na mara nyingi humnufaisha mshtakiwa kwa kumfungulia mlango wa huruma. Tatu, kama hoja ile ingekubaliwa, isingeishia kwenye adhabu ya kifo: vifungo vyote vingeweza kuhojiwa, na kila kundi lingeweza kuja na takwimu zake. Hoja hii ya tatu ilimfanya Jaji William Brennan, katika maoni yake ya kupinga, aandike kwamba wenzake walikuwa wanaiogopa haki kwa kuwa ingekuwa nyingi mno, na ni vigumu kuona alikosea wapi. Daktari anayekataa kuutambua ugonjwa kwa sababu wagonjwa watazidi vitanda hajawaponya waliobaki nyumbani. Ukubwa wa malalamiko ulikuwa kipimo cha ukubwa wa dhuluma yenyewe, na mahakama ikaugeuza kuwa kisingizio cha kutosikiliza.

Uamuzi huo ulikuwa na mtetezi mwenye hoja nzito kuliko ya Powell, naye hapaswi kupuuzwa. Mwanafikra Ernest van den Haag, aliyekuwa akitetea adhabu ya kifo katika miaka hiyohiyo, alishikilia kwamba hatia ni ya mtu binafsi. Ikiwa mtu ameua na sheria inaagiza afe, basi anapouawa amepata stahili yake, na kunusurika kwa wauaji wengine, hata kama walinusurika kwa upendeleo, hakupunguzi chembe ya hatia yake. Kwa maoni yake, usawa ni jambo jema linalofaa kutafutwa, lakini haki hutangulia, na ni bora kumuadhibu mmoja anayestahili kuliko kuwaachia wote kwa kuwa wengine wameponyoka. Hoja hii hushawishi kwa sababu nusu yake ni kweli: aliyemuua askari yule hawezi kusafishwa na takwimu yoyote.

Kasoro yake huonekana mtu anapouliza ni nani anayeadhibu. Aliyedhulumiwa akilipiza kisasi, pengine anaweza kusema kwamba yeye anamdai mtu mmoja tu na hana habari na wadaiwa wa wengine. Lakini dola haiadhibu kama mtu binafsi. Huadhibu kwa jina la sheria, na sheria hupata haki ya kuamuru kwa sababu inawaelekea wote kwa uso mmoja. Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na maana ya msemo huo ni kwamba chombo kinachokata upande mmoja tu kimeacha kuwa sheria, hata kama kila kilichokatwa kilistahili kukatwa. Katika mapokeo ya Kiislamu, fundisho hilo limehifadhiwa katika hadithi inayofahamika na kila aliyekaa madrasa: mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid amwombee kwa Mtume, na Mtume akasimama mbele ya watu akawaeleza kwamba waliowatangulia waliangamia kwa sababu akiiba mtukufu walimwacha, na akiiba mnyonge walimsimamishia adhabu, kisha akaapa kwamba hata binti yake Fatima angeiba, hukumu ingekuwa ileile. Wanyonge walioadhibiwa katika kaumu zile za kale walikuwa wezi kweli, na hakuna aliyedai kwamba walisingiziwa. Pamoja na hayo, kitendo cha kuwaadhibu wao huku wengine wakiachwa kimetajwa kuwa sababu ya maangamizi. Van den Haag angesema kwamba wezi wale walipata haki yao. Hadithi inasema kwamba jamii iliyowapa haki hiyo nusunusu ilijiangamiza.

Agano la Kale lina fundisho la aina hiyohiyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja kubwa na moja dogo, na inayaita mambo hayo machukizo mbele za Mungu. Kosa linalokatazwa huanza mfukoni, kabla ya mnunuzi yeyote kupunjwa. Utafiti wa Baldus ulikuwa kama umepekua mfuko wa aina hiyo: ulikuwa umeyatoa mawe mawili ya Georgia na kuyaweka mezani mbele ya majaji, na majaji wakamtaka McCleskey aonyeshe ni mkono wa nani ulioliweka jiwe zito katika mizani yake.

Msomaji anaweza kurudi kwenye suala la nia kwa kukumbusha kwamba Uislamu wenyewe hufundisha kuwa matendo huhesabiwa kwa nia, na kwamba Ukristo nao huutazama moyo. Hilo ni sahihi pale linapohusu thawabu na dhambi za mtendaji. Lakini dini zote mbili zilitambua zamani kwamba haki ya aliyeumizwa haiyeyuki kwa kuwa aliyemuumiza hakukusudia. Qurani, katika Sura An-Nisaa, inaeleza hukumu ya anayemuua muumini kwa kukosea: anadaiwa kafara, na anadaiwa diya, yaani fidia inayolipwa kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Muuaji huyo hakuwa na nia mbaya na hachukuliwi kuwa mwovu. Bado kuna nyumba iliyopoteza mtu, na nyumba hiyo ina haki. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 4, huenda mbali zaidi, kwa kuwa kinazungumzia kusanyiko zima la Israeli linapotenda kosa bila kukusudia na jambo lenyewe likafichika machoni pa watu: kosa hilo linapojulikana, kusanyiko lote linapaswa kutoa sadaka ya dhambi. Hapo kuna hatia ya pamoja isiyo na mkosaji mmoja, na kuna wajibu unaoanza siku jambo linapojulikana. Mahakama ya mwaka 1987 ilijulishwa jambo hilo kwa tarakimu, na haikuona kwamba kujulishwa kulikuwa kumeipa wajibu.

Sharti la nia lina udhaifu mwingine, nao ni kwamba nia mbaya haiachi alama ila kwa bahati. Mwaka huohuo wa 1987, katika mji wa Rome, Georgia, kijana mweusi Timothy Foster alihukumiwa kifo na juri ya watu weupe watupu. Waendesha mashtaka walikuwa wamewaondoa weusi wote waliostahili kuingia katika jopo, na kwa kila mmoja wakaeleza sababu isiyohusiana na rangi, na mahakama zikawasadiki. Takriban miaka ishirini baadaye, kwa kutumia sheria ya jimbo inayoruhusu umma kuona nyaraka za serikali, mawakili wa Foster walipata jalada la waendesha mashtaka. Ndani yake, katika orodha ya walioitwa kuingia katika juri, majina ya watu weusi yalikuwa yamepakwa rangi ya kijani inayong'aa, na pembeni pakaandikwa maelezo kwamba rangi hiyo huonyesha weusi. Kando ya majina yao pia palikuwa na herufi B. Na katika karatasi nyingine palikuwa na orodha ya watu wasiotakiwa kabisa, ambamo watu weusi walitangulia. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu, kwa kura saba dhidi ya moja, ilikubali kwamba ubaguzi ulifanyika. Karatasi hizo zingechanwa au zingepotea, Foster angebaki kuwa mtu aliyehukumiwa na mfumo usio na nia mbaya. Sharti linalomtaka mdhulumiwa alete ushahidi uliofungiwa katika kabati la aliyemdhulumu limeupendelea upande mmoja kabla kesi haijaanza.

Sharti hilo limeathiri pia ngazi za chini za mfumo, ambako polisi hukutana na raia barabarani. Mjini New York, kati ya Januari 2004 na Juni 2012, polisi waliwasimamisha watu mara milioni 4.4, na katika zaidi ya asilimia 80 ya mara hizo aliyesimamishwa alikuwa mweusi au mwenye asili ya Amerika ya Kilatini; asilimia 88 ya matukio hayo hayakuzaa hata kukamatwa wala hati ya kuitwa mahakamani. Askari alijaza fomu yenye visanduku vya kutia alama, kimojawapo kikiwa cha mienendo ya kutiliwa shaka, na alama moja ya kalamu ikatosha kugeuza hisia ya askari kuwa sababu ya kisheria. Jaji Shira Scheindlin alitamka mwaka 2013 kwamba utaratibu huo ulikiuka Katiba. Katika utungaji wa sheria, Bunge la Marekani nalo, mwaka 1986, lilipitisha sheria iliyoweka kifungo cha chini cha miaka mitano kwa gramu 5 za kokeini ya mawe, ambayo waliokamatwa nayo wengi mno walikuwa weusi, na kifungo kilekile kwa gramu 500 za kokeini ya unga. Hakuna neno la rangi katika sheria hiyo. Tume ya serikali inayosimamia viwango vya hukumu ilishauri mwaka 1995 kwamba tofauti hiyo iondolewe, Bunge likakataa, na mwaka 2010 uwiano ukapunguzwa kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1, bila kusawazishwa. Wamarekani weusi ni takriban asilimia 13 ya wananchi, na ni karibu theluthi moja ya wafungwa.

Linabaki pingamizi moja gumu. Ikiwa kosa la Georgia lilikuwa kutokuwa na usawa, usawa ungeweza kupatikana kwa kuwaua pia wauaji wa watu weusi, na McCleskey asingepona. Kimantiki hilo halina kasoro. Kimaadili halisimami, kwa sababu makosa mawili ya hakimu hayana uzito mmoja. Aliyesamehewa isivyostahili anaweza kushtakiwa tena kwa kosa jingine, au kufikiwa na adhabu iliyo nyepesi zaidi. Aliyeuawa isivyostahili hafikiwi na chochote. Ndiyo maana wanazuoni wa fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, walishika kanuni mashuhuri kwamba adhabu kubwa huzuiwa kwa kuwapo shaka, na kwamba ni afadhali kiongozi akosee katika kusamehe kuliko akosee katika kuadhibu. Dola iliyokamatwa na mawe mawili mfukoni inapaswa kwanza kuliweka chini lile zito. Haiwezi kudai muda wa kulirekebisha huku ikiendelea kulitumia juu ya shingo za watu.

Baadhi ya majimbo yamelielewa jambo hili kabla ya Mahakama ya Juu. Kentucky ilipitisha sheria ya haki ya kirangi mwaka 1998, ikiruhusu takwimu kutumika kupinga adhabu ya kifo. North Carolina ilifuata 2009, kisha bunge lake likaifuta sheria hiyo 2013. Na California mwaka 2020 ilitunga sheria inayomruhusu mshtakiwa kuonyesha tofauti ya kirangi katika mashtaka na hukumu bila kulazimika kuthibitisha nia ya mtu yeyote. Wabunge na wanasheria wanaotafuta pa kuanzia wanao mfano huo wa California, na wanapaswa kuusukuma uingie katika sheria ya shirikisho.

Jaji Powell alistaafu mwaka 1987, miezi michache tu baada ya uamuzi wake. Mwaka 1991, alipoulizwa na mwandishi wa wasifu wake kama kuna kura ambayo angeibadilisha, aliitaja ya McCleskey. Mwaka huohuo, tarehe 25 Septemba, jimbo la Georgia lilimuua Warren McCleskey kwa kiti cha umeme. Uamuzi uliotolewa katika kesi yake haujatenguliwa.